Udongo mweusi wa mbugani: kiangazi unapasuka, masika unazama. Nilime nini?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mwaka jana nilinunua ekari nane huku Kwimba. Shamba linaanzia chini ya mlima wa mawe na kushuka hadi bondeni. Juu kabisa ni kichanga cheupe. Katikati pana ukanda mgumu, maji yanasimama juu yake na majani yanaota kwa shida. Chini ni udongo mweusi tii, na ndio ulionivutia kununua, kwa sababu niliambiwa udongo mweusi ndio wenye rutuba kuliko wote. Nikapanda mahindi. Desemba yalikuwa mazuri, Januari yakawa ya njano, Februari yakafa yamesimama kwenye maji. Sasa ni kiangazi na ardhi ileile imepasuka hata mguu wa mbuzi unaingia. Jirani anasema nimwage mchanga ili ulainike. Muuza pembejeo anasema niweke chokaa. Mke wangu anataka tujenge hukohuko chini kwa kuwa ni karibu na barabara. Je, nimeuziwa udongo uliokufa? Unaweza kutibika?"*

Salama ndugu yangu, na pole kwa mahindi. Umefanya jambo moja zuri ambalo wengi hawalifanyi: umeeleza shamba zima kutoka mlimani hadi bondeni. Udongo wako wa chini hauwezi kueleweka bila huo wa juu, kwa hiyo nitarudi mlimani baada ya muda mfupi.

Kwanza nikutoe hofu. Udongo wako haujafa, na hizo nyufa si ugonjwa. Ulichonunua ni mbuga, udongo wa mfinyanzi mweusi ambao Wakenya wanauita "black cotton" na ambao wanasayansi wameuweka kwenye kundi la vatisoli. Wasukuma wameulima kwa vizazi na wanajua tabia zake vizuri. Kilichokukwamisha ni kupanda zao lisilovumilia maji mahali ambapo maji ya mlima mzima yanakuja kutulia.

Sasa hilo la rangi. Aliyekwambia weusi ni rutuba hakukudanganya kwa makusudi. Karibu kila mahali watu wanaamini hivyo, na kwenye udongo wa msituni au wa boma la zamani la ng'ombe ni kweli, maana weusi wake unatokana na mboji nyingi. Mbuga ni kitu kingine. Mara nyingi mboji yake haifiki sehemu mbili katika mia. Mboji hiyo kidogo imeshikana sana na chembe za mfinyanzi, na mshikamano huo ndio unaoutia udongo rangi ya mkaa. Kwa hiyo macho yanaona utajiri ambao zao halitaupata. Mbuga ina utajiri wake wa kweli, yaani kalsiamu na magnesiamu kwa wingi, na uwezo mkubwa wa kushika virutubisho visichukuliwe na maji. Inachokosa mara nyingi ni naitrojeni, fosforasi, na wakati mwingine zinki.

Kinachotawala tabia yote ya udongo huu ni aina ya mfinyanzi uliomo. Udongo mwekundu wa miinukoni una mfinyanzi unaoitwa kaolini. Chembe zake ni vibamba vyembamba vilivyobanana kiasi kwamba maji hayapenyi katikati, ndiyo maana udongo mwekundu ukilowa hauvimbi sana na ukikauka hausinyai sana. Mfinyanzi wa mbuga ni smektaiti. Vibamba vyake vimeshikana kwa ulegevu, maji huingia katikati na kuvitenganisha kama kurasa za daftari lililolowa. Zidisha hilo kwa mabilioni ya chembe, na ardhi nzima inavimba. Kiangazi maji yanatoka, vibamba vinarudiana, ardhi inasinyaa, na kwa kuwa haiwezi kusinyaa bila kujigawa, inapasuka. Nyufa za upana wa vidole vitatu au vinne na kina cha nusu mita hadi zaidi ya mita ni za kawaida.

Ukitaka kuushuhudia mwenyewe mwendo huu, chimba shimo la kina cha mita moja upande wa chini wa shamba wakati udongo bado una unyevu kidogo. Bandua bonge kwa mkono. Utaona nyuso zilizolala mshazari, laini, zinang'aa, zenye michirizi kama zimepigwa msasa. Hapo ndipo mapande ya udongo yalipovimba, yakakosa nafasi na kuteleza moja juu ya jingine. Kila mwaka udongo wa juu unadondokea ndani ya nyufa, mvua inakuja, wa chini unavimba na kusukuma kwenda juu. Ardhi inajipindua polepole. Ndiyo sababu mbuga nyingi ni nyeusi hivyohivyo hata ukichimba mita nzima, na ndiyo sababu vigingi vya uzio huko havikai wima miaka mingi.

Twende mlimani. Miamba ya huko kwenu ni graniti ya kale sana. Jua na mvua vinaivunja taratibu. Sehemu iliyo ngumu kuoza, yaani mchanga wa madini ya kwatzi (quartz), inabaki karibu na mlima, na hicho ndicho kichanga chako cheupe ambacho Wasukuma wanakiita luseni. Sehemu nyingine ya mwamba inayeyuka: kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na silika vinaingia kwenye maji na kusafiri chini ya ardhi kufuata mteremko. Ule ukanda wa katikati uliousema, mgumu, wenye maji yanayosimama juu yake, wenyeji wanauita itogolo. Hapo maji hupunguza mwendo na sodiamu hujikusanya, na sodiamu ikizidi huvunja vijumba vya udongo (chembe zilizoshikana pamoja) hadi tabaka la chini linakuwa kama sakafu. Maji yanayobaki yanaendelea hadi bondeni, yanakosa pa kutokea, kiangazi yanakauka na kuacha mzigo wake. Silika na madini hayo yakikutana mahali penye maji yasiyotoka, smektaiti inazaliwa. Kwa maneno mengine, mbuga yako imejengwa kwa vitu vilivyochukuliwa kutoka kwa luseni yako.

Mwanasayansi Geoffrey Milne, aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, ndiye aliyeipa sayansi ya dunia jina la mpangilio huu katikati ya miaka ya 1930. Aliuita katena, yaani udongo mbalimbali uliofungamana kama mnyororo kwenye mteremko mmoja. Leo wanafunzi wa udongo duniani kote wanafundishwa neno hilo, na limetoka hapahapa Afrika Mashariki. Wakulima wa Usukuma hawakumsubiri. Majina yao ya udongo yanafuata mteremko uleule, na kila jina linabeba ndani yake zao linalofaa.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Usukuma hupata takriban milimita 600 hadi 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Novemba na Aprili, halafu Juni hadi Oktoba ni ukame mtupu. Mvua hiyo inatosha kuozesha mwamba na kusafirisha madini hadi bondeni, lakini haitoshi kuyasukuma yatoke kabisa. Mvua ingekuwa ya Rungwe, madini hayo yangeoshwa, na pengine ungekuwa na udongo mwekundu wenye tindikali. Kiangazi kirefu ndicho kinacholeta nyufa. Ndiyo maana utakuta udongo wa jamii hii hata mahali ambapo mwamba si graniti: Mwea na tambarare za Athi kule Kenya, ambako chanzo ni miamba ya volkano, nyanda za juu za Ethiopia, Gezira ya Sudani, na uwanda wa Deccan nchini India. Kote huko kuna msimu wa mvua na msimu wa ukame unaouma, na ardhi ni tambarare au bonde.

Sasa tuyarudie mahindi yako. Mvua za kwanza zilipita kwenye nyufa na kulowesha udongo hadi chini, ndiyo maana Desemba yalipendeza. Udongo ukavimba, nyufa zikafunga, na tangu siku hiyo maji yalikuwa hayapenyi tena ila kwa kiasi kidogo mno. Kila tone lililoshuka kutoka mlimani lilibaki juu. Mizizi ya mahindi inahitaji hewa, na ikikaa ndani ya maji siku kadhaa inaanza kufa. Pia udongo ukikosa oksijeni, vijidudu vyake hugeuza naitrojeni kuwa gesi inayopotea angani. Ule unjano wa Januari ulikuwa njaa ya naitrojeni pamoja na mizizi kukosa pumzi. Hata ungeongeza urea wakati ule, nyingi ingepotea.

Kuhusu mchanga wa jirani, tupige hesabu pamoja. Ekari moja ni mita za mraba zipatazo 4,050. Udongo wa kina cha sentimita 15 tu juu ya eneo hilo una uzito wa karibu tani 800. Tuseme mfinyanzi wako ni asilimia 60 na unataka kuushusha uwe 30. Utahitaji mchanga wa uzito uleule, tani 800 kwa ekari moja, yaani zaidi ya safari mia moja za lori la tani saba. Na ukishamwaga, chini ya hizo sentimita 15 mbuga iko palepale, inavimba na kupasuka na kuumeza mchanga wako kwenye nyufa zake. Kwa bustani ya nyumbani yenye tuta la mita mbili, sawa. Kwa shamba, okoa fedha yako.

Chokaa nayo iache kwanza. Chokaa hutibu udongo wenye tindikali, na mbuga nyingi hazina tindikali. Kwenye lile shimo tafuta vijiwe vidogo vyeupe au vya kijivu. Ukivikuta, kipasue kimoja, ukikamulie ndimu au siki. Kikitoa povu, hicho ni chokaa ya asili, na udongo wako unayo ya kutosha. Kuongeza nyingine kunaweza kuzidisha ugumu wa mimea kupata fosforasi na zinki.

Basi ufanye nini? Nikupe maoni yangu bila kuzunguka: ningekuwa mimi, huko chini ningeanza na mpunga na dengu, na mahindi ningeyahamishia juu.

Mpunga unapenda kile kilichoyaua mahindi. Mfinyanzi uliovimba unashika maji kama bakuli, na majaruba, yaani vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa kingo, unayoyaona kote Usukuma yamejengwa juu ya ukweli huo. Hata ukanda wako wa itogolo unafaa kwa majaruba, pengine kuliko mahali pengine popote shambani, kwa sababu maji ya mlima yanaufikia kwanza na sakafu yake haivuji sana. Lakini uelewe gharama. Kuinua kingo na kusawazisha ni kazi nzito, na mwaka ambao mvua inakatika Januari, jaruba linalotegemea mvua tu linaweza kukunyima gunia hata moja. Anza na ekari moja au mbili ujifunze maji yanavyotembea. Mpunga ukionesha madoa ya kahawia kama kutu kwenye majani wiki chache baada ya kupandikiza, usikimbilie dawa ya wadudu. Mwonyeshe afisa kilimo, huenda ni upungufu wa zinki.

Dengu ni hazina ya mbuga ambayo wageni wengi hawaioni. Inapandwa mvua zikielekea kuisha, na inaishi kwa unyevu uliobaki ardhini, hapo ambapo udongo mwingine umekwisha kukauka. Haihitaji naitrojeni nyingi kwa sababu yenyewe inajitengenezea mizizini. Hasara zake ni mbili: bei yake hupanda na kushuka sana, na ukiirudia palepale mwaka hadi mwaka, ugonjwa wa mnyauko unajijenga udongoni. Ipokezane na mtama au pamba.

Pamba inawezekana, lakini si kwenye sesa, yaani shamba lisilo na matuta. Lazima uinue matuta mapana, kama mita moja hadi moja na nusu, yenye mifereji katikati inayotoa maji taratibu kwenda upande wenye njia. ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makame, ilifanyia kazi mfumo huu India, na Ethiopia wakaufuata kwa zana ya kukokotwa na maksai ili ngano isizame. Kanuni ni nyepesi: mmea ukae juu, maji yapite chini. Ila usichimbe mfereji unaoshuka moja kwa moja kufuata mteremko, maana mvua kubwa moja tu itakugeuzia kuwa korongo, na usiyaelekeze maji yako kwa jirani bila kukubaliana naye.

Muda wa kulima nao ni mtihani. Ukiwa mkavu, udongo huu unavunja plau. Ukiwa umelowa, unaganda kwenye jembe na kwenye kwato za maksai mpaka hawaendi. Katikati kuna siku chache tu. Chukua bonge kutoka kina cha kiganja, lisugue kati ya viganja kutengeneza kamba nyembamba kama penseli. Likitoka kamba laini, subiri. Likianza kupasukapasuka ndipo uingie. Wakulima wazoefu hulima mara tu baada ya kuvuna, unyevu haujaisha, kisha wanauacha udongo ujivunje wenyewe kwa jua. Mabonge makubwa yanapolowa na kukauka yanamomonyoka kuwa chembe ndogondogo, na hiyo ni zawadi ambayo udongo mwekundu haukupi.

Samadi iweke, na uiweke kwa moyo. Kwenye kichanga inashika maji. Kwenye mbuga inasaidia vijumba vya udongo visimame na inaleta naitrojeni na fosforasi zinazokosekana. Mbolea ya chumvichumvi usiimwage juu. Ifukie, kwa sababu urea iliyoachwa juu ya udongo wa aina hii hupotea kama hewa ya amonia. Na usitie yoyote wakati maji yamesimama, isipokuwa kwa mpunga na kwa ushauri.

Ukanda wa katikati ufanyie jaribio moja. Weka bonge kavu, dogo kama punje ya hindi, kwenye glasi ya maji ya mvua, usilitikise, liache saa kadhaa. Likivunjika lakini maji yakabaki safi, hali si mbaya. Yakigeuka kuwa kama maji ya maziwa kuzunguka bonge, sodiamu imezidi. Dawa yake ni jasi, na Tanzania tunayo, inachimbwa Makanya wilayani Same. Lakini kwa umbali huo na kiasi kinachohitajika, sidhani kama inalipa kwa mkulima mdogo. Pasipokuwa na majaruba, ningepafanya ngitili, malisho ya kuwalinda mifugo Septemba na Oktoba.

Kwa nyumba, tafadhali mweleze mama wa nyumbani kwa upole lakini usilegeze: msijenge bondeni. Udongo unaovimba unainua msingi upande mmoja na kuuangusha upande mwingine, kila mwaka, na kuta hupasuka kuanzia kwenye pembe za milango na madirisha. Waliojenga Kitengela na Syokimau huko Kenya wanalijua hili kwa gharama. Wanalazimika kuchimba na kuuondoa udongo mweusi wote chini ya msingi, kisha kujaza changarawe iliyoshindiliwa. Shimo la choo nalo masika litajaa maji na kingo zake zitaporomoka, na uchafu wake utasambaa kwenye majaruba. Jengeni juu kwenye luseni, mbali kidogo na mawe, na barabara ifuatwe kwa miguu. Ikiwa hakuna namna nyingine kabisa, msiinue tofali kabla ya mhandisi kupima udongo na kuchora msingi wake.

Yote niliyoandika yanatokana na maelezo yako. Kabla hujatumia fedha nyingi kwa majaruba au mbolea, mwite afisa ugani wa kata mtembee pamoja kutoka juu hadi chini, ikiwezekana mara baada ya mvua kubwa, maana siku hiyo ndiyo maji yanaonekana njia zake. Ukitaka kuchimba lambo, mhandisi wa maji ni wa lazima, kwa sababu tuta la mfinyanzi huu likikauka linapasuka na mvua ya kwanza inaweza kulibomoa.

Kisha pima udongo. TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Ukiriguru ndio walio karibu nawe. TARI Mlingano kule Tanga na maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro pia wanafanya kazi hiyo. Usichanganye udongo wa shamba zima kwenye mfuko mmoja. Chukua sampuli tatu: luseni, itogolo, mbuga. Kila moja itokane na sehemu kama kumi zilizotawanyika kwenye ukanda wake, kina cha sentimita 20, zichanganywe kwenye ndoo ya plastiki safi, kisha upeleke nusu kilo. Kwa itogolo na mbuga ongeza sampuli nyingine ya sentimita 50, kwa kuwa huko ndiko sodiamu hujificha. Waombe wakupimie pH (kipimo cha tindikali), chumvi, sodiamu, fosforasi na zinki, si naitrojeni peke yake. Majibu yakitoka niandikie, pamoja na kina ulichovikuta vile vijiwe vyeupe, tupange kiasi cha mbolea ya mpunga kabla ya Novemba.